Yolele ni ya kwanza, na kura ya mama wa Mitwaba ihesabiwe

Wapenzi wasikilizaji, na ninyi wenye kusoma hapa sababu saa ya emisyo umeme ulikuwa umekatika ku kartie yenu, leo nina maneno.

Majuma tatu iliyopita, siku ya posho, niliuliza ku antena ulizo moja ya mchezo: kati ya nyimbo za Papa Wemba za wakati wa sinte, ni gani iko ya kwanza? Nilifikiri saa moja itatosha. Watu wataita mara kumi, nitatia wimbo wenye kushinda, kisha tutaenda kulala. Sasa tuko ku juma ya tatu na telefone ya studio haipumuziki. Watu wananisimamisha ku soko. Fundi wa vyatu karibu na nyumba yetu amekataa kushona sandali yangu mpaka nimwambie kwa nini sikusoma mesaji yake. Yote hiyo ilinifurahisha.

Juma iliyopita haikunifurahisha. Mama mumoja aliita. Alijitambulisha vizuri, kama vile watu wa huko wanafanya: alitokea upande wa Mitwaba, akakimbia na watoto wakati wa vita ya Bakata Katanga, sasa iko anakaa Kikula kwa shemeji yake. Akasema wimbo wake, akasema sababu yake, akashukuru. Telefone yenye kufuata ilikuwa ya baba mumoja wa hapa mu muji, musikilizaji wetu wa miaka, mutu mwenye kujua miziki. Akasema: «Ile kura ya yule mama usiandike. Bale bantu balikuya juzi. Iko ulizo ya bantu ya Likasi.» Kisha akatoa kura yake ya «Maria Valencia», akakata.

Na mimi nilifanya nini? Nilicheka kidogo, nikatia wimbo. Ni ile njo kosa yangu. Nilikuwa na mikrofoni mbele ya kinywa, nikanyamaza. Ndiyo maana naandika leo, na nitasema mambo mawili bila kuzunguka. La kwanza: wimbo wa kwanza wa wakati ule ni «Yolele», na wenye kusema hapana nitawajibu mumoja mumoja. La pili: kura ya yule mama inahesabiwa sawa na yangu, hata kama hakuchagua «Yolele».

Tuanze na sheria ya mchezo, sababu kuna vijana wenye kuniuliza «wakati wa sinte» ni nini.

Papa Wemba alianza na gitare, kama wote. Zaïko Langa Langa ilizaliwa Kinshasa mwisho wa 1969, na yeye alikuwa ndani. Wale vijana waliacha tarumbeta na saksofoni za wazee, wakatia ngoma ya batri na gitare zenye kukimbia. Mu 1974 akatoka, akapita mu Isifi na Yoka Lokole, na mu 1977 akaanzisha Viva la Musica. Ile yote ni wakati wa gitare, na hakuna mutu mwenye kuikataa.

Kisha ikakuja klavye ya umeme, ile tunaita sinte. Mu 1983 Yamaha ilitoa DX7, na kisha ya hapo klavye za namna ile zikaingia mu studio karibu zote za dunia. Kitu kimoja juu ya meza kiliweza kulia kama piano, kama tarumbeta, kama kengele. Kwa bwana wa orkesta hesabu ilikuwa rahisi: tarumbeta ine ni watu wane wa kulisha, sinte ni mutu mumoja na umeme. Paris na Kinshasa wote waliichukua. Wemba akahamia Ufaransa mu miaka ya 1980, na huko akakutana na watu wenye kuifanyia kazi kila siku.

Mu 1992 alitoa Le Voyageur, maana yake Musafiri, ku lebo ya Real World. Ile lebo ni ya Peter Gabriel, Muingereza mwenye kuimba zamani mu kikundi cha rok cha Genesis mpaka 1975. Mu 1993 Wemba alizunguka dunia pamoja naye. Mu 1995 akatoa Emotion, na mwenye kuisimamia alikuwa Stephen Hague, yule yule mwenye kutengeneza nyimbo za Pet Shop Boys na New Order. Mu 1998 akatoa Molokai, akarudilia nyimbo zake za zamani karibu na vyombo vya mukono. Kwa hiyo sheria yetu ku emisyo ni hii: tunahesabu Le Voyageur na Emotion, 1992 mpaka 1995. Viva la Musica ya Kinshasa haiingii, hata kama unaipenda namna gani.

Sasa wazee wa gitare. Ninyi munanipigia telefone siyo kwa kuchagua, munapiga kwa kufunga mulango. Munasema: «Ile haina miziki yetu. Ni miziki ya bazungu. Hakuna ya kwanza, yote ni ya mwisho.» Muzee mumoja wa Panda aliniambia Wemba aliuza sauti yake kule Uingereza kama vile sisi tunauza mawe: inatoka hapa mbichi, inarudi na bei ya watu wengine. Ile mufano ni ya akili, na mutu wa Likasi hawezi kuicheka. Lakini haisimami.

Haisimami sababu jiwe likienda halirudi, na Wemba alirudi kila mwaka. Wakati alikuwa anafanya Emotion kwa watu wa dunia, Viva la Musica ilikuwa inaendelea kufanya kazi kwa watu wa nyumbani. Alikuwa na meza mbili na alikula ku zote mbili. Munaweza kusema ile ni tamaa, sawa. Kusema ni kutupa ukoo, hapana.

Tena, wazee wangu, ninyi ni watu wa Likasi. Munajua kuliko mimi kama mu 1952, wakati muji huu uliitwa Jadotville, Muingereza mumoja, Hugh Tracey, alikuja na mashini yake ya kurekodi, akamukuta Mwenda Jean Bosco na gitare. Ile «Masanga» yenye munainua kama bendera ilitoka mu mashini ya mugeni, ku chombo chenye kufika kwetu na wageni. Gitare haikuota Bunkeya pamoja na muhogo. Mwenda aliichukua, akaifundisha vidole vyake, na leo watu wa gitare dunia nzima wanajaribu kupiga kama yeye. Hamukumwita musaliti. Mulimwita Mwenda wa Bayeke, na wakati alikufa kwa aksida mu Zambia mu 1990 mulimulilia kama mutoto wenu. Basi, kama gitare ya mugeni iliweza kuwa mutoto wa nyumbani, kwa nini sinte ibaki ku mulango?

Hata wenye kubuni ile miziki ya umeme walipigana hivi hivi. Van Halen, kikundi cha rok cha Marekani, kilijulikana kwa gitare tu. Mwisho wa 1983 wakatoa «Jump», na kitu cha kwanza unasikia ni sinte, yenye kupigwa na mupiga gitare mwenyewe. Wapenzi wao wengine walikasirika. Ule wimbo ukawa wa kwanza Marekani nzima. Sisemi kuwa wa kwanza ku soko ni kuwa wa kwanza kwa uzuri. Nasema tu kama hasira ya wazee wa gitare haikuanza Panda na haitaishia Panda.

Na musiniletee UNESCO. Ndiyo, mu Desemba 2021 waliandika rumba ya Kongo mu urizi wa dunia, na kutoka siku ile kila mutu amekuwa mulinzi wa usafi wa rumba. Rumba gani safi? Ile ilitoka huku na watumwa, ikakaa Cuba, ikarudi ku sahani za santuri, ikapata gitare ya umeme, ikapata batri ya Zaïko. Kila mara kulikuwa muzee mumoja wa kusema ni mwisho wa dunia. Sinte ni mugeni wa tano ao wa sita. Mumupe kiti.

Tumemaliza na mulango, tuingie ndani.

Ku juma hizi tatu nyimbo ine zilipata kura nyingi: «Maria Valencia», «Show Me the Way», «Yolele» na «Awa Y'Okeyi». Watu wawili walichagua «Fa Fa Fa Fa Fa». Ile naitoa mara moja, siyo kwa ubaya, lakini ni wimbo wa Otis Redding wa 1966. Wemba aliuimba vizuri, lakini ukivaa koti ya jirani siyo siku ya kushindana juu ya koti.

«Maria Valencia» ni ya Le Voyageur, na ni wimbo wa wenye kucheza. Siwezi kusema mubaya juu yake, niliucheza ku ndoa ya yaya yangu mpaka kisigino cha kiatu kikaachia. Lakini tuseme ukweli. Zima sinte mu ule wimbo na utabaki na karibu kila kitu: utabaki na gitare, na sauti, na miguu ya watu. Ni wimbo wa Viva la Musica wenye kuvaa viatu vya Paris. Kama tunatafuta wimbo wa kwanza wa wakati wa sinte, hatuwezi kuchagua ule wenye hauhitaji sinte.

«Show Me the Way» ni kinyume. Pale mashini inatembea mbele na Wemba anafuata nyuma. Kichwa cha wimbo ni Kiingereza, na unasikia kama kuna mutu mu studio mwenye kufikiri juu ya radio za London. Vijana wa kartie yangu wanaupenda sababu unafanana na vitu vingine vyenye wanapenda. Ile ni sababu ya kuusikiliza, siyo ya kuuweka juu. Wimbo wenye kufanana na mia ingine hauwezi kuwa wa kwanza wa Papa Wemba, mutu mwenye sauti yenye haifanane na ya mutu.

«Yolele» inafungua Emotion. Sikilizeni vizuri, na kama munaweza, sikilizeni usiku. Mashini iko pale tangu mwanzo, lakini inakaa chini, kama mukeka. Haitaki kuonekana. Na juu yake ile sauti inaanza, nyembamba, juu, karibu kupasuka lakini haipasuki. Ukitoa sinte, sauti inabaki bila pa kukaa. Ukitoa sauti, sinte inabaki sauti ya saa ya hoteli. Vyote viwili vinahitajiana, na ile njo maana ya «wakati wa sinte». Kisha kuna kiitikio. Mutoto wa miaka mitatu anakiimba. Mama wa Kivu mwenye hajui Lingala anakiimba. Sijaona mutu wa kuuliza maana kwanza ndipo aimbe.

Mutaniuliza ile sauti ilitoka wapi. Wemba mwenyewe alisema mara nyingi: ilitoka kwa mama yake. Yule mama alikuwa mwimbaji wa kilio, mwenye kuitwa ku matanga kwa kulilia wafu wa watu. Mutoto alikuwa anamufuata. Alijifunza kuimba pale watu wako wanalia, akajifunza kuweka sauti juu ya kelele ya huzuni ya wengine bila kuzamishwa nayo. Wakati Stephen Hague aliweka mashini zake zote mu studio, hakukutana na mutu mwepesi wa kufunikwa. Alikutana na mutoto wa mama wa matanga. Mu «Yolele» nasikia ile: mashini ya bei, na juu yake sauti yenye kufundishwa ku kilio. Ndiyo sababu yangu. Leteni ya kwenu.

Sasa nakuja kwa mama wa Mitwaba, sababu yeye alileta ya kwake, na ilikuwa ya nguvu kuliko za wengi.

Alichagua «Awa Y'Okeyi». Mu Lingala ni kusema: kwa vile umekwenda. Unapatikana ku Emotion, na ni wimbo wa polepole, vyombo vinarudi nyuma na sauti inabaki karibu peke yake. Alinieleza hivi. Kule kwao hakukuwa umeme. Bwana yake alikuwa na radio ya kaseti, na betri zilinunuliwa ku mbali na feza ya mahindi. Nyimbo za kucheza, zenye besi nzito, alizitia wakati betri ni mpya. Wakati betri ziko karibu kuisha, alitia «Awa Y'Okeyi», sababu, alisema, ule wimbo haukule betri. «Njo wimbo ya mwisho ya usiku. Kisha yake ni giza na kulala.» Yule bwana hakufika Likasi. Mama hakusema zaidi juu ya ile, na mimi sikuuliza.

Pale studio ilinyamaza. Lakini sasa nitafanya kitu chenye wengine watasema ni ukali: nitabishana naye.

Mama, nakuheshimu, na nasema ulikosea. Unachanganya wimbo wenye kukupenda na wimbo wa kwanza. Tena «Awa Y'Okeyi» ina shida ya «Maria Valencia»: inaweza kuishi bila sinte kabisa. Ushahidi ni kama Wemba mwenyewe aliurudilia ku Molokai mu 1998, wakati alikuwa ameweka mashini pembeni, na haukupungukiwa kitu. Ni wimbo mukubwa. Ni wimbo wa wakati wote. Kwa hiyo siyo wimbo wa wakati ule.

Na juu ya betri, nilijaribu. Niliazima radio ya kaseti ya muzee mumoja wa Shituru, yenye ingali inafanya kazi kwa neema ya Mungu, nikatia betri zenye kuchoka. Munajua vile inakuwa: mukanda unatembea polepole, sauti inashuka, kijana anakuwa muzee. «Awa Y'Okeyi» ikawa nzito mpaka mutoto wangu akaniomba nizime. «Yolele» ikashuka, ikashuka, besi ikapotea, sinte ikapotea, na kiitikio kikabaki kinasimama. Mama, nakuambia mbele ya watu wote: ku betri ya mwisho, «Yolele» ilishinda. Kama hauamini, radio iko Shituru, kuja tusikilize pamoja, na muzee ameahidi chai.

Munaona nimefanya nini? Nimemubishia. Nimesema amekosea na nimetoa sababu. Ile njo kazi ya mchezo huu. Mutu mwenye kusema «usiandike kura yake» hakumubishia, alimuondoa. Kubishana na mutu ni kukubali kama iko ndani ya nyumba. Wakati baba wetu wa «Maria Valencia» anapiga telefone, nampinga kila juma, na anarudi kila juma, na hakuna mwenye kumuuliza alifika Likasi mwaka gani.

Tena tuulize kidogo. Kama kura ni ya wenyeji tu, basi tuanze na Papa Wemba mwenyewe. Alizaliwa Lubefu, mu Sankuru, upande wa Kasai, tarehe 14 Juni 1949. Alichukuliwa mutoto mpaka Kinshasa. Alipata jina Matonge, akahamia Paris, akarekodi Uingereza, akaanguka juu ya jukwaa Abidjan na kufa tarehe 24 Aprili 2016. Wapi ni kwake? Hajakuwa mutu wa Likasi hata siku moja, na ninyi munapigana juu yake kama alizaliwa Kikula. Mutu mwenye kuimba anaweza kuwa wa mbali, lakini mwenye kusikiliza lazima awe wa hapa? Nani aliandika ile sheria?

Na watoto wetu wenyewe? Baba Gaston alikuwa mutoto wa Likasi hii. Aliondoka na miziki yake, akapita Tanzania, akafika Nairobi. Alikuwa mugeni kule. Watu wa Nairobi hawakumuuliza kartie. Walicheza. Mu 1976 wapigaji wake walitoka wakafanya Les Mangelepa, na mpaka leo Wakenya wanawahesabu kuwa wao. Kila Noeli, kule Kenya, «Kakolele» yake inalia ku radio na watu hawaijui kuwa ya mugeni. Kama Nairobi ingesema «bale bantu balikuya juzi, musiandike», sisi tungekuwa na nini ya kujivunia?

Kuna kitu kingine, na nitakisema polepole. Le Voyageur ilitoka mu 1992. Mu 1992 na 1993, ku gare ya muji wetu huu, maelfu ya familia zenye kuitwa «za Kasai» zililala chini, wengine miezi, zikingojea treni. Walikuwa majirani zetu. Wengi walizaliwa hapa, baba zao walifanya kazi Gécamines Shituru na Panda. Walitolewa mu manyumba sababu ya neno moja: siyo wa hapa. Watu wengi walikufa pale ku gare na mu treni, na watoto zaidi. Mimi nilikuwa mutoto wa mugongoni, sikuona. Mama yangu aliona, na mpaka leo akipita gare anaangalia upande wa pili. Mwimbaji mwenye kuzaliwa Lubefu, kama angekaa Likasi mwaka ule, angekuwa chini ya ile ukuta na Musafiri yake mukononi.

Sisemi baba wa «Maria Valencia» ni mutu wa 1992. Namujua, ni mutu wa kusaidia watu. Nasema lile neno ni lile lile. Halikuanza na mawe na moto. Lilianza ku vitu vidogo: ku mustari wa maji, ku timu ya mupira, ku nani anasoma wapi. Halianze kubwa. Ndiyo sababu nalikamata wakati lingali dogo kama kura ya wimbo.

Najua majibu yenu mawili.

La kwanza: «Animatere, unatia siasa ndani ya miziki.» Hapana, baba. Ni wewe uliyeitia, ku dakika ya makumi ine ya emisyo, na mimi nilikuacha. Naitoa.

La pili ni la maana zaidi, na lilitoka kwa mukimbizi mwenyewe, kijana wa Kasai mwenye kufika na treni, anabeba makala ku soko. Aliniandikia: «Kaka, sisi hatuna bukari, unatuombea kura ya Wemba?» Ndugu yangu, uko na haki. Ku emisyo ya asubuhi nitaendelea kuuliza juu ya bukari, juu ya masomo ya watoto, juu ya nyumba, na wewe uniseme kila siku nikisahau. Lakini soma mesaji yako mpaka mwisho, kama vile mimi nilisoma. Chini yake uliandika: «Lakini ni Show Me the Way.» Ulikuwa na njaa na ulikuwa na neno juu ya wimbo, vyote viwili mu mesaji moja. Sitachagua moja na kuacha ingine. Mutu mwenye kutaka kula tu ni mutu wa orodha ya msaada. Wewe ni musikilizaji, na umekosea, na nimekwisha kueleza pale juu kwa nini.

Basi tumalize. Siku ya posho hii, saa mbili ya usiku, ni kura ya mwisho. Nyimbo ni zile ine. Kila telefone, kura moja. Wenye hawana mayunite wapige mara moja na kukata, tutawarudilia. Kwa familia zenye hazina telefone, siku ya tano kisha mangaribi mimi na fundi wetu wa sauti tutapita Kikula na Panda na kaye, tutaandika kura ku mukono. Hatutaandika kabila, hatutaandika mwaka wa kufika. Tutaandika jina moja, wimbo moja, na sababu, sababu bila sababu mchezo hauna chumvi.

Na wewe baba wa «Maria Valencia», usikasirike ukaacha kuita. Nakungojea. Leta wale wenzako wa nganda wote, na mulete hoja, siyo cheti cha kuzaliwa.

Kura nitazisoma zote ku antena, moja moja, na jumla yake. Kama «Awa Y'Okeyi» ikishinda, nitaitia, nitasema ku mikrofoni kama nimeshindwa, na mama wa Mitwaba atakuja studio kuitangaza yeye mwenyewe. Kisha, kabla ya kuzima, nitatia «Yolele», sababu hata mwenye kushindwa iko na haki ya dakika zake.